Mtungi Ambao Sikuuonja

Kila asubuhi kabla ya chai natembea kinyumenyume kati ya migomba yangu, kutoka mlangoni mpaka kwenye banda la mbuzi, halafu narudi. Majirani zangu hapa Mbuba wamekwisha zoea. Wageni ndio husimama barabarani wakanong'onezana kwamba uzee umenipanda kichwani. Huwa nawaacha, kwa sababu nikianza kumweleza kila mpita njia habari za Ntirampeba, chai itapoa.

Leo chai nimekwisha kunywa, kwa hiyo nitasema.

Naitwa Gozbert. Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa mwoga. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa unalala nyumba moja na mimi: kaka yangu Bernardo, na mkono wake wa kulia uliopinda.

Mwezi wa saba wa mwaka ule tulikuwa tunasukuma baiskeli yenye gunia la maharage kwenda kwa wakwe zake, Biharamulo. Ndani ya msitu wakatoka wanaume watatu wenye marungu. Bernardo akashika baiskeli, mimi nikashika njia. Sikumbuki kuamua kukimbia. Miguu ilikuwa imekwisha ondoka, mimi ninaifuata. Nikajitupa kichakani, na nikiwa pale nilimsikia Bernardo akiniita kwa jina mara mbili. Halafu nikasikia mfupa ukivunjika, na hapo sitii chumvi hata kidogo. Nilitoka baada ya lori kupita na wale watu kutawanyika.

Kaka yangu hakuniuliza nilikuwa wapi. Hakuuliza siku ile wala mwezi uliofuata. Mkono uliungwa vibaya, akajifunza kulima kwa kushoto, kula kwa kushoto, kusalimia kwa kushoto huku akiwaomba wazee radhi. Afadhali angenitukana. Kila alipohangaika na kifungo cha shati, mimi nilitoka nje kutafuta kazi ya kufanya.

Basi nilikuwa na haja moja tu duniani: siku nyingine nikikabiliwa, nisikimbie. Sikutaka ubingwa. Nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha.

Wa kwanza alikuwa Privatus. Huyu alikaa Dar es Salaam miaka minne akarudi na karate. Alifundisha kila Jumamosi kwenye uwanja mmoja karibu na mjini Ngara, nami nilikuwa natoka nyumbani alfajiri ili niwahi. Ada yake ilikuwa shilingi kumi kwa mwezi. Juu ya hapo ulitakiwa uwe na nguo nyeupe iliyoshonwa na fundi aliyemtaja yeye mwenyewe, ambaye baadaye tuligundua ni shemeji yake, pamoja na mkanda ambao uliununua kwake. Niliuza maharage yangu yote.

Siku ya kwanza hatukupigana. Privatus alibandika ukutani karatasi kubwa ya kaki, na juu yake alikuwa amechora mti. Kileleni palikuwa na Mjapani, chini yake Mjapani mwingine, chini yake Mzungu fulani, halafu mwalimu wa Dar es Salaam, na chini kabisa kwa wino mwekundu: Privatus.

"Msijifunze kwa mtu asiye na mti," alituambia.

Nilivutiwa sana. Nilirudi nyumbani nikihesabu kwa Kijapani njia nzima.

Wiki ya tano akatokea Xavery, mtu wa Biharamulo, naye ana karatasi yake. Mti ulikuwa ule ule, ila chini kabisa paliandikwa Xavery, na Privatus hayumo hata kwenye majani. Xavery alisema Privatus alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa mazoezi. Privatus alisema Xavery alinunua mkanda wake sokoni. Jumamosi mbili zilipotea wakibishana nani alimpigia magoti nani, na sisi wanafunzi tumekaa kwenye nyasi na nguo zetu nyeupe kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mwishowe kila mmoja alitaka tumwapie yeye peke yake na tununue mkanda mpya, kwa kuwa wa zamani ulikuwa na kasoro ya ukoo.

Nikajiuliza nimejifunza nini mpaka hapo. Nilijua kuinama, kupiga kelele, na kuhesabu mpaka kumi. Wale watatu wa msituni nikikutana nao tena, nitawahesabia? Niliuza nguo kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kubatizwa, nikaacha.

"Umeacha?" Bernardo aliniuliza siku ile tukipalilia.

"Nimeacha."

Akapalilia mstari mzima kabla ya kusema tena. "Nenda kwa Mzee Bartholomayo. Anajua fimbo, na fimbo ndiyo tuliyo nayo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anafahamu muda wote ninatafuta nini, na kwa nini.

Mzee Bartholomayo alikuwa mkuu wa fimbo wa ukoo wake. Babu yake alikuwa mlinzi wa mwami wa Bugufi, na ingawa utawala wa machifu ulikuwa umefutwa zamani, ukifika kwa Bartholomayo ungedhani mwami ametoka tu kidogo na atarudi. Katibu wa kijiji alisema kila mkutano kwamba kujivunia koo ni ukabaila na hakuna nafasi yake katika Ujamaa. Watoto wawili wa katibu huyo huyo walikuwa wanajifunza fimbo kwa Bartholomayo.

Sisi hatukuwa wa ukoo ule. Tulikuwa majirani tu, tuliowekwa mstari mmoja wa nyumba wakati wa operesheni ya vijiji ya mwaka 1974. Lakini mzee alinisikiliza vizuri akanitajia masharti: jembe jipya, palizi kwenye migomba yake kila Jumapili mwaka mzima, na siku ya kuingia, mtungi wa pombe ya ndizi utakaonywewa na wote wenye fimbo ya babu yake.

"Ukishanywewa mtungi wako, wewe ni wetu," alisema. "Huendi kwa mwingine."

Jembe lingepatikana. Palizi ningeipalilia. Shida ilikuwa mtungi, na shida ya mtungi ilikuwa Mama.

Majina yetu yanakuonyesha kwamba tulibatizwa kwa mapadri. Lakini mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya Baba kufariki, Mama aliokoka akahamia kwa walokole, na alipookoka hakubakiza kitu. Pombe, tumbaku, ngoma, vyote vilitoka nyumbani kwa siku moja. Bernardo alikuwa mtu mzima tayari, akaendelea na mambo yake. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili, nikaokoka pamoja na Mama.

Pombe aliitengeneza Bernardo. Alizika ndizi zake shimoni ziive, akazimwaga kwenye mtumbwi wa kukamulia, akazikanyaga na majani kwa miguu, kazi ambayo haihitaji mkono. Akachanganya na mtama wa kukaanga, akafunika. Mimi nilikuwa nateka maji tu. Kila nilipomwona akikanyaga, jasho linamtiririka, nilifikiri kwamba huyu ndiye niliyemwacha msituni, na yeye ndiye anayenitafutia ada.

Mama alipita pale, akatazama. Jioni akaniita.

"Ndizi ni za Bernardo na pombe ni ya Bernardo," alisema. "Lakini mdomo wako niliuombea mimi. Mrija usiuguse."

"Sitaugusa, Mama."

Niliahidi upesi mno. Kwetu, mtu akipeleka pombe, yeye mwenyewe hutia mrija akanywa kwanza, ili wote waone kwamba hakutia kitu kibaya. Watu hawalifikirii hilo, ni kama kubisha hodi. Mimi nililifikiria, na nikajipa moyo kwamba Bernardo atanionjea.

Tulifika kwa Bartholomayo Jumapili mchana. Walikuwa watu wapata thelathini, wazee wamekalia vigoda, kila mmoja na mrija wake. Bernardo alitua mtungi kutoka begani, akachomoa mrija, akapiga magoti.

"Siyo wewe," alisema Bartholomayo kwa upole. "Anayeingia ndiye anayeonja."

Bernardo akanitazama. Watu wote wakanitazama.

"Mzee," nikasema, "mimi sinywi."

"Sijakuambia unywe. Onja."

"Nimemwahidi mama yangu."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Kwenye ukingo wa uwanja mtu akasema, bila kujisumbua kunong'ona, "Anajua alichotia humo." Miguu yangu niliijua, na nilijua inataka nini. Sijui kwa nini haikuondoka siku ile. Labda kwa sababu Bernardo alikuwa bado amepiga magoti pale chini na mrija mkononi.

Bartholomayo hakunifokea. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Chukueni mtungi wenu," alisema. "Sikufukuzi kwa chuki, kijana. Lakini nikinywa pombe isiyoonjwa, wanangu watajifunza kunywa chochote."

Tukaondoka. Bernardo aliubeba mtungi kwenye bega la kushoto, mimi nyuma yake. Habari ilitutangulia, kila nyumba tuliyopita watu walikuwa wamekwisha simama mlangoni. Sikuwahi kuona mtungi uliojaa ukirudi kwao, na nadhani wao pia hawakuwahi.

Nyumba ya mwisho kabla ya zizi la ng'ombe wa kijiji ilikuwa ya Ntirampeba. Alikuwa amekimbia kutoka Burundi mwaka 1972 na nguo alizovaa, na kijiji kilimpa kazi ya kuchunga. Kila mtu alijua anacheza fimbo. Wachungaji wenzake walisema hawajawahi kumgusa. Lakini hakuna aliyekwenda kwake kujifunza. Watu walisema: alifundishwa na nani huyo? Nani anamjua babu yake? Nami nilikuwa nimesema hivyo hivyo.

Alikuwa ameketi nje anachonga mpini.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. Mtungi huo unakwenda au unarudi?"

"Unarudi," akasema Bernardo. "Hakuuonja."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilitarajia acheke, lakini aliweka kisu chini. "Ahadi yenyewe nani aliisikia?"

"Mama na mimi tu."

"Na fimbo unaitakia nini, mwana wanje?" Aliniita mwanangu, kwa Kirundi chake.

Ningeweza kumdanganya. Lakini aibu ya siku ile ilikuwa imekwisha nijaa, hapakuwa na nafasi ya nyingine. "Tulivamiwa msituni," nikasema. "Nilimkimbia kaka yangu. Huyu hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka hivyo mbele ya Bernardo. Yeye aligeuka akatazama ng'ombe.

Ntirampeba akanyanyuka, akachomoa mrija uliokuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa, akaufuta kwa shati. Akapiga magoti mbele ya mtungi wetu.

"Mzee, ngoja nionje!" Bernardo akaruka.

Mzee akamzuia kwa kiganja, akatia mrija, akanywa. Hakuonja, alikunywa, na koo lake nililiona likipanda na kushuka. Halafu akafuta midomo.

"Ndizi zilikaa shimoni siku moja zaidi," akamwambia Bernardo. "Lakini ni pombe nzuri."

Kisha akanigeukia mimi. "Watu wote wale walikutazama, na wewe ukabaki umesimama. Basi mwanzo tunao. Njoo kesho."

Nimepewa vitu vingi maishani, na namshukuru Mungu kwa vyote. Nimepewa mke, watoto, migomba isiyonyauka. Lakini nikiulizwa ni kipi kikubwa, nitasema ni yule mzee aliyekosa kila kitu, ambaye alikuwa na sababu zote za kuogopa watu, akanywa kutoka kwenye mtungi wangu bila kuuliza mara ya pili.

Ada aliyotaka ilikuwa barua. Dada yake mdogo, Ciza, alikuwa amepelekwa na wakimbizi wengine Katumba, mbali huko upande wa Mpanda, naye Ntirampeba hakujua kuandika. Mimi nilikuwa na darasa la saba. Kwa hiyo kila Jumapili alisema, nami nikaandika: ng'ombe wangapi wamezaa, mvua imenyesha lini, na kila mara mwishoni, "Bado nipo." Majibu yalikuja baada ya miezi, nikamsomea, akaniomba nirudie.

Mafunzo yenyewe yalinikasirisha. Miezi mitatu sikugusa fimbo. Alinipa kibuyu cha maji nikibebe kwa mikono miwili, na kazi yangu ilikuwa kutembea kinyumenyume kwenye migomba bila kumwaga na bila kutazama nyuma. Ncha ya mguu iguse kwanza, ndipo kisigino kitue. Ukigonga mgomba, unaanza upya. Wavulana wa Bartholomayo walikuja kuangalia na kucheka mpaka wakachoka.

"Mzee, nataka nijifunze kusonga mbele," nilimwambia siku moja, nimelowa maji mpaka magotini.

"Mbele utakwenda mwenyewe. Siku ya hatari mwili wako utataka kurudi nyuma, na mimi nakuruhusu urudi. Kugeuza uso ndiko sikuruhusu."

Baadaye fimbo ilikuja, na niliijua vya kutosha. Wachungaji hawakunigusa kirahisi. Lakini siku zote tulianza na kibuyu.

Habari za Bartholomayo zilimfikia Mama. Jumapili iliyofuata alimtaja mchunga ng'ombe katika maombi, na jioni nikamwona anafunika bakuli la maharage kwa jani la mgomba. "Mpelekee mwalimu wako," alisema.

Novemba 1978 mgambo tuliitwa. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wanakimbia na magodoro vichwani. Niliogopa sana, sifichi. Usiku wa kuaga, wote walipokuwa wanalia, mimi nilikuwa nafikiria jambo dogo.

"Barua za mzee ataandika nani?"

"Nitaandika mimi," alisema Mama.

Alikuwa amejifunza kwenye elimu ya watu wazima ili asome Biblia, na herufi zake zilikuwa kubwa, nne zinajaza mstari. Lakini aliandika. Kila Jumapili baada ya ibada Ntirampeba alikuja akaketi kwenye kigoda chetu, akasema, Mama akaandika. Na barua zangu zilipofika kutoka vitani, Mama alizisoma kwa sauti mara mbili, moja kwa ajili ya Bernardo na moja kwa ajili ya mzee. Bernardo aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa anauliza jambo lile lile kila mara: "Ameandika habari za miguu?"

Niliandika. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1979, tumekwisha vuka mpaka pale Mutukula. Tulikuwa tumebeba masanduku ya risasi tukishuka kwenye bonde lenye mafunjo, na jirani yangu katika mstari alikuwa Kazimili, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao. Tulipigwa kutoka upande wa pili. Kazimili akaanguka, paja limepasuka. Amri ikatoka, rudini nyuma, na wote wakageuka kukimbia kupanda kilima.

Miguu yangu ikataka vile vile. Ilikuwa miguu ile ile ya msituni, haikuwa imebadilishwa. Nikairuhusu kurudi. Uso sikugeuza. Nikamshika Kazimili chini ya makwapa, nikaanza kupanda kinyumenyume, ncha ya mguu kwanza, kisigino baadaye, ninavuta, na macho yangu yako mbele. Kwa kuwa nilikuwa natazama, niliona kichaka ambacho risasi zilikuwa zinatoka, nikamwonyesha kwa kelele mwenzetu mwenye bunduki kubwa. Alikipiga, wakanyamaza kwa muda. Muda ule ulitutosha. Kazimili alikuwa mzito, amelelewa kwa maziwa, na njia nzima alikuwa ananiomba msamaha kwa uzito wake. Sikujikwaa hata mara moja.

Kilimani nilitapika. Sijawahi kuitwa shujaa na nikakubali.

Niliporudi nyumbani mwaka ule ule, kijiji kilifanya sherehe uwanjani. Kazimili alikuja kutoka Biharamulo na mkongojo wake, akasimama mbele ya watu akasimulia kila kitu, na akaongeza mengine ambayo mimi sikuyaona. Watu wakapiga vigelegele. Na hapo ndipo vituko vilipoanza.

Privatus alisimama, amevaa nguo yake nyeupe. Alikunjua ile karatasi ya kaki. Chini ya jina lake, kwa wino mbichi, paliandikwa Gozbert. "Huyu ni tawi langu," alisema. "Stadi ile ya kurudi nyuma inatoka Japani."

Bartholomayo naye akasimama. Alisema, kwa heshima zote, kwamba fimbo ya Mbuba ni moja, ni ya babu yake, na kwamba mimi nilifika kwake kabla ya kwenda kokote. "Nilimwonya tu," alisema. "Sikumfukuza." Katibu wa kijiji alikuwa anaandika yote kwenye daftari lake ili apeleke taarifa wilayani.

Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimechoka. Nilimtafuta Ntirampeba kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa ya watu, upande wa zizi, ameegemea fimbo yake. Hakudai kitu. Nani angemsikiliza? Hana mti na hana ukoo.

Mara watu wakaanza kupisha njia. Mama alikuwa anakuja amevaa gauni lake la ibada, na nyuma yake Bernardo, na kwenye bega la kushoto la Bernardo mtungi.

Walokole wenzake walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Niliwaona wakishikana mikono. Mama akawapita. Akampita Privatus na karatasi yake, akampita Bartholomayo, akampita katibu, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma. Bernardo akatua mtungi mbele ya Ntirampeba. Mama akapiga magoti, akashika mrija.

"Mama Bernardo, hapana," mzee akasema. Alikuwa ameinama, anataka kumzuia mkono lakini anaona haya kumgusa. "Kwenu nilikwisha kunywa bila kuonjewa."

"Najua," alisema Mama. "Ndiyo maana nimekuja."

Akatia mrija, akanywa. Ilikuwa miaka kumi tangu kinywa kile kiguse pombe, na kilikuwa kimesahau. Alikohoa, machozi yakamtoka, kitambaa kikamteleza kichwani. Halafu akaufuta mrija kwa upindo wa gauni, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Mwalimu wa mwanangu," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Karibu."

Ntirampeba alipokea. Alipokunywa, mtu wa kwanza kumfuata alikuwa Mzee Bartholomayo, aliyekuja polepole na mrija wake mwenyewe, akauliza kama kuna nafasi. Palikuwa na nafasi. Privatus alikunja karatasi yake, na sikumwona akiikunjua tena.

Mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Bernardo alikuja akasimama kando yangu. Tulitazama watu wakinywa.

"Siku ile nilikuita mara mbili," akasema.

"Nilisikia, kaka."

"Najua ulisikia." Akaniwekea mkono begani, ule wa kulia, uliopinda. "Kazimili anasema hakuhitaji kukuita."

Jumapili iliyofuata Mama alisimama kanisani kutubu, maana walokole hutubu mbele ya wote na dhambi haifichwi. Ntirampeba, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lile, alikuwa amekuja akakaa benchi la nyuma, fimbo katikati ya magoti.

"Ndugu zangu," alisema Mama, "nimeonja pombe. Nimejaribu wiki nzima kujuta, nimeshindwa. Mniombee."

Wakamwombea.